Nilivyolipika Sinki la Mama Sesi

Ndugu zangu, kuna aibu mtu anazikwa nazo, na hii yangu nilikuwa nimepanga kuzikwa nayo kimya kimya, lakini Kilosa nzima wanaijua, Mikumi wanaijua, hata Vidunda kule juu milimani ambako gari linapanda huku linalia wanaijua, basi nimeona afadhali muisikie kwangu mwenyewe kuliko kuisikia kwa Bi Mwajuma jirani yangu, maana yeye akiisimulia anasema nilikuwa uchi. Sikuwa uchi. Suruali nilikuwa nayo. Shati ndilo sikuwa nalo, na shati lina sababu yake, nitafika huko.

Mambo yote yalianza na kiuno, tena si changu, cha mke wangu, Mama Sesi (Sesilia ni binti yetu wa kwanza, yuko Dodoma, ana kazi ya ofisini na ana maneno ya ofisini pia). Kiuno kilimshika mwaka ule wa mvua nyingi, akawa anainuka kwa kushika ukuta, na kuinamia ndoo aoge ikawa ni kuuma meno, mpaka hospitalini yule daktari kijana akamwambia, bibi, ukipata mahali pa kujilaza kwenye maji ya moto utaona nafuu, wenzako waliopata wanatembea. Mahali pa kujilaza kwenye maji ya moto, Kilosa hii! Mwingine angecheka akaenda zake. Sisi tulitazamana, kwa sababu uani kwetu, chini ya kamba ya nguo, lilikuwepo sinki.

Nalo niwaeleze kidogo. Ni lile sinki refu la kuogea umelala, la chuma, lenye miguu minne yenye kucha kama za simba, lilikuwa la nyumba ya meneja kule Rudewa enzi za mkonge, na shamba lilipokufa kila mtu alibeba alichoweza, wengine milango, wengine mabati, baba yangu akabeba sinki. Alilileta kwa mkokoteni wa ng'ombe, na mama yangu (Mungu amrehemu) alimuuliza kama huko Rudewa sufuria zilikuwa zimekwisha. Tangu hapo sinki limefanya kazi zote isipokuwa yake. Mbuzi wamenywea humo, mihogo imelowekwa humo, Sesilia na wadogo zake wameogeshwa humo wote kwa pamoja kama viazi, na kwenye harusi za mtaa huu soda zimepozwa humo na barafu. Weupe wake, ule weupe unaong'aa kama sahani za bati za zamani, ulikuwa umebanduka, pengine umegeuka njano, pengine kutu tupu.

Sesilia akapiga simu. Akasema atajenga kibafu kidogo nyuma ya nyumba, chenye bomba la kutolea maji, na sinki litengenezwe na fundi wa kazi hiyo hiyo, yuko mmoja Mikumi anafufua masinki ya kwenye mahoteli ya watalii, yanakuwa mapya. "Baba, wewe usiliguse," akasema, "mwachie fundi." Mama yake akamuuliza fundi mwenyewe anaitwa nani, Sesilia akasema anaitwa Venansi, mtu wa Vidunda, na Mama Sesi akasema, "Aa, Venansi."

Basi, hivyo tu. Aa, Venansi. Lakini ile "aa", ndugu zangu! Nimeishi na mwanamke huyu tangu kichwa chake hakina hata unywele mmoja mweupe na sijawahi kupewa "aa" ya namna ile, labda mara moja tu, siku niliponunua baiskeli.

Venansi nilikuwa namjua. Mama Sesi naye ni wa Vidunda, na ukoo wake na ukoo wa Venansi ni watani tangu kwa mababu zao, na mtani jamani ana ruhusa zake. Anaingia kwako anafunua chungu, anakamata jogoo wako anaondoka naye, anamwita mkeo mke wake mbele ya wakwe, na mkipata msiba yeye ndiye anayekuja kuwachekesha mliolia mkachoka. Wewe kazi yako ni moja, kucheka. Anayekasirikia utani amevunja kitu ambacho si chake peke yake, na atalipa. Sheria hii mimi naijua (babu yangu alikuja na reli kutoka Unyamwezi, nasi tuna watani wetu, Tabora kwenyewe sijawahi kufika). Tatizo ni kwamba huyu Venansi, zamani kabla sijamwona Mama Sesi, alipeleka posa kwao ikakataliwa. Hilo niliambiwa baada ya harusi, na aliyeniambia alikuwa anacheka, sasa mimi sikujua nicheke au nifanye nini. Utani una ubaya huo. Ukweli unaweza kulala humo ndani kama nyoka kwenye mzigo wa kuni, wewe unabeba tu.

Na mke wake Venansi alikwisha kufa. Hilo nalo nilikuwa nalijua.

Akaja kukagua, na pikipiki, miwani myeusi, buti, na marashi. Fundi wa masinki anapaka marashi ya nini? Mtu tunalingana umri, tofauti yetu ni kwamba yeye meno yake yote yapo, naye anajua kwamba yapo, maana hakuyafunika hata dakika moja. Mama Sesi alikuwa amevaa kitenge chake cha sherehe. Nikamuuliza leo kuna shughuli gani, akasema vingine vimefuliwa vimelowa. Nikaenda kutazama kwenye kamba. Kulikuwa na shuka moja.

"Mke wangu, hujambo?" Venansi akasema, hata buti hajavua. "Naona huyu mlinzi bado unaye."

"Ninaye," Mama Sesi akasema. "Nikimwachisha kazi atakwenda wapi, umri huu?"

Bi Mwajuma aliyekuwa anachungulia juu ya uzio akacheka mpaka akakohoa, na mimi nikacheka, kicheko cha mtu aliyekanyaga kaa la moto mbele ya wageni.

Venansi akaligonga sinki kwa ukucha, akalitegea sikio, akapitisha kiganja taratibu ukingoni (nilikuwa nakiangalia kile kiganja) akaanza maelezo, maana yule bwana hawezi kunyamaza, nadhani hata usingizini anaelezea. Akasema weupe ule haukupakwa kwa brashi, huko kiwandani waliupika motoni ukashikana na chuma, ndiyo maana ulikaa miaka yote. Akaendelea kwamba sisi huku moto huo hatuna, kwa hiyo yeye analiosha kwa tindikali, analisugua kwa msasa mpaka litoe jasho, anaziba mashimo, anapaka dawa yake maalumu ya kuchanganya, mara mbili, halafu lisiguswe na maji karibu wiki nzima, naye atakuwa anapita kila mara kuliangalia.

Atakuwa anapita kuliangalia. Sinki!

"Nitakutengenezea, mke wangu, uingie humo kama malkia," akamwambia Mama Sesi akiwa anapanda pikipiki. "Na huyu mume mwenzangu tusimwonee, tutampa kazi. Atasimama mlangoni ashike taulo."

Akaondoka kwenda Mikumi kuchukua dawa zake, akisema atarudi wiki inayofuata. Marashi yake yalibaki pale uani mpaka jioni, mbuzi mwenyewe alikuwa anapiga chafya.

Jioni hiyo hiyo nikamwambia Mama Sesi kwamba sinki nitalitengeneza mimi, na hapa ndipo nilipoteleza, yote yaliyofuata ni kubiringika tu. Akaniuliza kama nimewahi kutengeneza sinki. Nikamwambia nimewahi kupaka geti, na chuma ni chuma. Akaniangalia sana. Akasema, "Baba Sesi, mimi nataka maji ya moto. Atakayenipatia namshukuru, awe wewe, awe Venansi, awe nani." Mtu mwenye akili angeyasikia maneno hayo vizuri, kwamba mwenzangu anaumwa. Mimi nilisikia tu kwamba jina la Venansi limetajwa tena.

Nikaenda dukani kwa vifaa vya ujenzi, kijana akaniamkia, shikamoo, marahaba, akaniuliza rangi ni ya nini, na kwa sababu sikutaka Kilosa ijue kabla kazi haijang'aa nikamwambia ni ya geti. Akanipa rangi ya geti, ya mafuta, nyeupe, na karatasi moja ya msasa. Ile karatasi ilifanya kazi upande mmoja wa sinki ikaisha meno, upande wa pili nikausugua kwa majivu na maneno. Tindikali sikununua, mimi najua ndimu. Jumamosi nikapaka, na niseme ukweli, lilipendeza, liling'aa jua likipiga huwezi kulitazama, mpaka nikamwita Bi Mwajuma aje aone, na nilipokwenda kwenye kahawa nikatangaza mbele ya wazee wenzangu kwamba fundi wa Mikumi ni wa nini, watu wanapumbazwa na miwani, kazi yenyewe ni ya kupaka tu. Mzee mmoja akaniuliza kama limekauka. Nikamwambia kesho mkeo akipita kwangu atamkuta mke wangu ndani ya maji amejilaza.

Kesho yake Jumapili asubuhi sinki lilikuwa limeota manyoya. Kuku alikuwa amelala ukingoni. Nyayo zake zilikuwa zimeingia ndani, zikazunguka, zikatoka upande wa pili, na inzi wamenasa humo kama kwenye asali. Mama Sesi akapita akienda kanisani, anachechemea, gauni lake jeupe na kibegi chake, akaligusa kwa kidole, kidole kikatoka na rangi. Akakifuta kidole chake kwenye shati langu, kifuani hapa, polepole, mpaka kikatakata, akaenda zake kusali. Ndiyo sababu nililivua shati, Bi Mwajuma asiwadanganye.

Nikabaki mimi na sinki. Mimi ni Mwislamu, Jumapili yangu ni siku kama siku nyingine, na shetani anajua hilo. Nikakaa kwenye kigoda nawaza, Venansi anarudi siku yoyote, atakuta manyoya, atacheka na yale meno, na Mama Sesi atacheka naye. Ndipo nikakumbuka maneno yake mwenyewe. Weupe ule waliupika motoni. Sasa kupika kitu motoni kikawa kigumu, mimi nimekuona kwa macho! Mama mkwe wangu alikuwa mfinyanzi, vyungu vyake vilikuwa vinashuka kutoka Vidunda vinauzwa hadi Mikumi, na enzi nachumbia nilikuwa nasimama mbali naangalia anavyovichoma, anapanga kuni chini, vyungu juu, anafunika kwa nyasi na mavi makavu ya ng'ombe, anawasha, na udongo uliokuwa laini kama ugali unatoka ukilia ukiugonga. Nilisimama mbali kwa sababu mwanaume hasogelei moto wa vyungu, kwao ni mwiko, nami sikuuliza kwa nini, mchumba haulizi maswali.

Nikasema moyoni, sinki ni chungu kikubwa.

Mavi makavu nilikuwa nayo, nilipata gunia kwa wafugaji kwa ajili ya bustani. Milingoti mikavu ya mkonge nilikuwa nayo, ilibaki nilipojenga banda, na kwa asiyejua, mkonge mkavu unashika moto kama uliotukanwa. Nikasukumia chini ya sinki, katikati ya ile miguu ya simba, nikajaza mavi pembeni, nikawasha. Mwanzo ulikuwa mzuri. Rangi ikaanza kuvuta ngozi, inzi wakapotea, manyoya yakapotea, nikajisemea Venansi na miwani yako, njoo. Kisha rangi ikaanza kutoa malengelenge. Kisha ikawa inatoka moshi, moshi mweusi, mzito, unaonuka kama tairi na kwato kwa pamoja, ukapanda juu ya mabati ukainama kuelekea mjini kama mtu anayekwenda kushtaki.

Sasa fikirini kwa macho ya jirani. Uani kwa mzee, mkewe yuko kanisani, uzio umezungushwa, kuna chombo kirefu cha chuma juu ya moto, na moshi. Mnadhani watu walifikiri anatengeneza sinki? Walifikiri gongo. Mwenyekiti wetu wa kitongoji, kijana mmoja mwenye heshima sana, akaja na mgambo wawili, akafungua kigeti changu, akasimama wima.

"Shikamoo mzee," akasema. "Uko chini ya ulinzi."

"Marahaba," nikasema. Ungesema nini?

Nikaanza kumweleza, lakini jaribuni nyinyi kumweleza mwenyekiti kwamba hupiki gongo, unapika sinki. Mgambo mmoja akazunguka anatafuta mrija na mapipa, mwingine akachungulia ndani ya sinki, na hapo hapo ile rangi ikashika moto. Uff! Nyusi zake zikaenda. Moto ukaruka kutoka kwenye sinki hadi kwenye uzio wangu wa mabua, Bi Mwajuma akapiga yowe, na mtaa mzima ukaingia uani kwangu na ndoo. Sina lawama nao, walikuja kuokoa nyumba yangu, walipiga maji uzio, wakapiga maji mabua, wakapiga maji mpaka mwenyekiti, na mwisho mtu mmoja mwenye nguvu nyingi akalipiga sinki ndoo nzima ya maji ya kisimani, yale ya baridi.

Lililia paa! Wote tukainama. Na moshi ulipopungua tukaona ufa, umeanzia ukingoni kwenye tundu la bomba, umeshuka, umepita sakafu yake nzima, umepanda upande wa pili. Ungeweza kupitisha kidole. Sinki lililosafiri kutoka Rudewa kwa mkokoteni, likavumilia mbuzi na mihogo na watoto wangu wote, mimi nimelimaliza Jumapili moja.

Ningependa kusema hapo ndipo aibu ilipoishia. Kanisa lilikuwa limetoka. Nikaona akina mama wa kanisani wanaingia na magauni yao meupe, mbele yuko Mama Anjela, binamu yake Mama Sesi, na nyuma yao Mama Sesi mwenyewe anatembea polepole, na pembeni yake, mkono mmoja amemshika kiwiko, mkono mwingine amebeba kile kibegi chake cha kanisani, Venansi. Alikuwa amekuja mapema na dawa zake, akaona aanzie kusali. Kibegi cha mke wangu kilikuwa kwenye mkono wake kama kimezaliwa hapo.

Mama Sesi akaliangalia sinki. Akaliangalia kwa muda mrefu. Mkono wake ukaenda kiunoni, akaushika ufa kwa macho tu, hakusogea. Venansi akavua miwani, na kwa mara ya kwanza nikaona midomo yake imefunika yale meno. Lakini mtani ana wajibu wake, mnapolia yeye ndiye wa kuwachekesha, nami sasa hivi naelewa kwamba alitaka kumwondolea mwenzangu huzuni, siku ile sikuelewa chochote.

"Basi, mke wangu, usilie," akasema. "Huyu umri umemwingia, amepika sinki akidhani ni maharage. Panda pikipiki twende zetu Mikumi."

Watu wakacheka. Mwenyekiti akacheka huku maji yanamtoka masikioni. Yule mgambo asiye na nyusi akacheka. Na mimi, mbele ya kanisa na serikali, bila shati, nimejaa masizi, nikafungua mdomo.

"Ulimposa ukanyimwa!" nikasema, na sauti ilikuwa kubwa kuliko nilivyokusudia. "Mama yake alikukataa! Sasa unazunguka hapa na marashi yako, weka chini kibegi cha mke wangu, uondoke kwangu!"

Kilichosikika ni sinki tu likipoa, tik, tik. Kuungua uzio watu wangesahau, kudhaniwa muuza gongo wangesahau. Hili hawakusahau.

"Amekasirika," Mama Anjela akasema taratibu, kama daktari anayetaja ugonjwa. "Amekasirikia utani."

Venansi akaweka kibegi juu ya kigoda. "Mume mwenzangu," akasema, na hakuwa anacheka, "ile posa nilitumwa na babu yangu. Ilikuwa utani wa wazee. Mama mkwe wako alicheka mpaka akaangusha chungu."

Nikataka ardhi inimeze. Na labda ingenimeza, ningepumzika, kama Mama Sesi asingefunga vizuri kanga yake ya mabegani akasema, akiwa anaangalia chini, "Mimi nilidhani ni kweli."

Hakuna aliyecheka. Venansi akavaa miwani yake. Na mimi nikasimama pale na sentensi ile, ninayo mpaka leo, usiku inaamka kabla yangu. Alidhani ni kweli. Sasa alipodhani ni kweli alifurahi au alihuzunika? Na ilipokataliwa je? Sijamuuliza. Mnaosema niulize, ulizeni wake zenu.

Kisha akaniangalia mimi. "Mama alikuwa anasema mwanaume akisogelea moto wa vyungu, vinapasuka," akasema. "Nilikuwa nadhani ni maneno ya kuwafukuza tu." Akachukua kibegi chake pale kigodani. "Kiuno ni changu, Baba Sesi. Wivu ni wako. Ungemwacha kila mtu abebe chake."

Faini nililipa pale pale, sheria ni sheria. Mama Anjela akamkamata jogoo wangu mwekundu, yule niliyekuwa nampenda, akampa Venansi, na wale akina mama wa kanisani wenye asili ya Vidunda wakachota majivu (yalikuwepo ya kutosha, niliyaandaa mwenyewe) wakanipaka kichwa, uso, kifua, mgongo, wakiimba, na mwenyekiti akaamua kwamba kesi ya gongo haipo kwa sababu hakuna gongo litakalokubali kunuka vile. Baada ya kupakwa majivu umesamehewa, unaruhusiwa kucheka tena. Nilijitahidi.

Lakini majivu hayaungi chuma. Venansi alipitisha kidole kwenye ule ufa akatikisa kichwa, akasema chuma cha kumimina kikiwa na moto hakimwagiwi maji, hata yeye hapo hana dawa. Sesilia alipopigiwa simu alisema, "Baba, nilisema usiliguse," na mimi nikamwambia mtandao unakatika. Kibafu kilijengwa, kipo mpaka leo, kizuri, kina bomba la kutolea maji na hakina kitu cha kutolea. Sinki liko pale pale chini ya kamba ya nguo, nimelijaza udongo nimepanda mchicha. Mchicha unastawi, kwa sababu maji yanapita vizuri kwenye ufa.

Na Mama Sesi je? Hilo ndilo lililobaki, na ndilo lililonimaliza. Venansi alikwenda akazungumza na meneja wa hoteli moja ndogo kule Mikumi, ambako masinki yote ameyafufua yeye, na meneja akakubali kwamba Jumamosi, watalii wakishaondoka alfajiri kwenda kuangalia tembo, bibi aje ajilaze kwenye maji ya moto mpaka atosheke. Kwa hiyo kila Jumamosi tunaamka, tunapanda basi, tunapita Ulaya (si ile ya wazungu, hii yetu ya njiani), vumbi linatuingia mpaka kwenye meno, tunafika, na mama mmoja wa hotelini anampeleka Mama Sesi ndani, anafunga mlango.

Mimi nabaki kwenye korido, kwenye stuli, na taulo.

Venansi hupita mara nyingine na ndoo yake ya vifaa. "Mume mwenzangu, taulo umeleta?" ananiuliza. "Nimeleta," namjibu, na nacheka, nimejifunza, tena siku hizi nakaribia kucheka kweli. Kiuno kinapona. Juzi Mama Sesi alishuka kwenye basi bila kunishika bega, nikaliona bega langu halina kazi. Na nimeapa, mbele yenu nyinyi mnaonicheka, kwamba kitu chochote cha nyumba yangu kikiharibika, liwe bomba, liwe paa, niwe mimi mwenyewe, nitamwita fundi wake, hata kama fundi anapaka marashi, hata kama ni mzuri, hata kama mke wangu atasema "aa".

Ila niwaambie kitu kimoja kisha niache. Mama Sesi akiwa humo ndani ya maji, anaimba. Anaimba wimbo wa Kividunda, taratibu, sauti ya msichana kabisa, na maji yanasikika yakitikisika kidogo, na mimi nimeishi na mwanamke huyu maisha yangu yote na wimbo ule sijawahi kuusikia nyumbani kwangu. Venansi sina tena ugomvi naye, jogoo wangu amekwisha kumla. Ninachokionea wivu sasa ni sinki.